Dakika Mbili Ghalani

Kijana amesimama juu, ubao chini ya miguu, ukuta mgongoni. Mbele yake mteremko mkali unashuka hadi sakafu ya ghala. Hakuna sauti ya kumwelekeza wala mshale wa kumwonyesha njia. Saa iliyo juu ya kioo inasoma 2:00, na ukishaanza tu inakuwa 1:59. Kabla hujajiuliza uelekee wapi, mteremko umeshakuamulia: unashuka, kasi inakuja yenyewe, na unapofika chini vidole vimeshajifunza somo la kwanza, kwamba humu ndani mwinuko ni mtaji. Aliye juu ana kasi ya kutumia, na aliye chini inambidi aitafute.

Hiki ndicho kiwanja cha kwanza cha Tony Hawk's Pro Skater, gemu ya skeitibodi iliyotolewa kwa PlayStation mwaka 1999. Wachezaji husema levo. Mimi nitasema kiwanja, maana ndivyo kilivyo, mahali pa kuchezea. Kinaitwa Warehouse, yaani ghala, na gemu yenyewe inasema kiko Woodland Hills, California, mtaa uleule uliokuwa na ofisi za Neversoft, kampuni iliyoitengeneza. Waliamua kuanzia nyumbani.

Nilikutana nacho katika kibanda cha gemu chenye televisheni tatu, mbili zikiwa zimetekwa na mpira tangu asubuhi hadi usiku. Ya tatu ilikuwa na padi iliyolegea kitufe kimoja, kwa hiyo mwenye kibanda aliitoza nusu bei na kuipa diski ambazo hazikuwa na mwenyewe. Sijawahi kupanda ubao wa magurudumu maishani, na kwa umri niliofikia magoti yangu yamekwisha kutoa uamuzi juu ya jambo hilo. Lakini ghala lile nalijua kama chumba nilicholala utotoni. Kuna nyumba za ndugu zangu ambazo nimezitembelea mara ishirini na bado nauliza choo kiko wapi. Ghala la watu wa California, ambalo halipo duniani, nalipita gizani bila kujikwaa. Hilo limenishangaza kwa miaka mingi, na nimelirudia mara nyingi nikitaka kujua mafundi wale walifanya nini.

Basi tulitazame taratibu. Ukishuka unakutana na rampu fupi za kurushia. Kuna teksi imeegeshwa, na anayejua njia huiruka. Kuna hafupaipu, ule mfereji mpana wenye umbo la bomba lililopasuliwa katikati, na kwenye ukingo wake pengo limekatwa makusudi ili kulivuka kuwe jambo la kujivunia. Juu kumepita reli ndefu ambazo mara ya kwanza huzioni kabisa, kwa sababu macho ya mgeni hutazama chini. Masanduku ya mbao yametawanywa, yanangoja kuvunjwa. Ndiyo basi. Ghala zima unalivuka kwa sekunde chache, na orodha ya vilivyomo ingeenea nyuma ya tiketi ya basi.

Ufundi haumo katika vitu hivyo. Umo katika nafasi iliyoachwa kati ya kimoja na kingine. Ukiruka kutoka kwenye rampu hii, pale utakapotua kuna kitu kinakutazama: reli, ukingo, mteremko mwingine. Umbali kati yao umepimwa kwa kasi ya ubao na kwa muda ambao mwili hukaa hewani. Reli ikisogezwa hatua mbili karibu, utaipita kwa juu. Ikisogezwa hatua mbili mbali, utafika umeishiwa. Fundi mzuri wa ngazi hujulikana hivyohivyo. Hakuna anayepanda ngazi akasifu urefu wa vidato, lakini kimoja kikizidi vingine kwa inchi moja, kila mgeni atajikwaa palepale na kumlaani fundi.

Udogo wa ghala nao haukuwa wa hiari peke yake. PlayStation ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2 za kazi na 1 ya picha. Picha moja tu iliyopigwa kwa simu ya leo mara nyingi inazidi hapo. Kuta, rampu, mwili wa kijana, ubao na mbwembwe zake zote, yaani michezo ya kuruka na kuzungusha ubao, vililazimika kubanana humo kwa wakati mmoja. Mtu mwingine angeona ufinyu. Neversoft walipata faida isiyotarajiwa: kwa kuwa kiwanja chote kimeshapakiwa, ukiharibu unaanza upya papo hapo, bila kungoja diski izunguke. Unaanguka, unabonyeza, uko tena juu ya mteremko na saa inasoma 2:00. Kosa likiwa rahisi hivyo, mtu hukosea mara mia moja bila kuchoka, na mwenye kupita mahali mara mia moja hana budi kupajua.

Nao hawakufika hapo kwa njia iliyonyooka. Mwaka 1998 kampuni ilikuwa ikimalizia Apocalypse, gemu ya risasi yenye sura ya mwigizaji Bruce Willis, na walipopewa kazi ya skeitibodi walianza na mitambo ileile ya programu. Katika jaribio la mwanzo aliyekuwa juu ya ubao ni Bruce Willis mwenyewe. Wazo la awali lilikuwa mbio za kushuka mlima, kama Top Skater, mashine ya Sega ya mwaka 1997 iliyokuwa kwenye kumbi za michezo, ambapo mchezaji alisimama juu ya ubao uliofungwa kwenye mashine na kuteremka njia moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Polepole wakagundua kwamba utamu wa ubao hauko katika kufika. Mwenye ubao hupata ukingo mmoja wa saruji na kuuzungukia mchana kutwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mabaki ya wazo la kwanza bado yanaonekana: Mall, kiwanja cha New York, na Downhill Jam cha Phoenix vyote vinaanzia juu na kuishia chini, na ukifika chini hujui la kufanya. Kwangu ndivyo viwanja viwili dhaifu vya gemu ile. Vinakukimbiza kabla hujafahamiana navyo.

Gemu ilitoka wakati mzuri kuliko wakati wowote ambao wauzaji wangeweza kuupanga. Tarehe 27 Juni 1999, kwenye mashindano ya X Games huko San Francisco, Tony Hawk mwenyewe, mchezaji wa skeitibodi ambaye gemu imebeba jina lake, alizunguka hewani mara mbili na nusu na kutua, mbwembwe aliyokuwa ameikosa kwa miaka. Miezi michache baadaye jina lake lilikuwa kwenye kasha la diski.

Nirudi kwenye dakika mbili, kwa sababu ndizo uti wa mgongo wa yote haya. Katika modi kuu, ile ya kujenga maisha ya mchezaji wa kulipwa, kila kiwanja cha kawaida cha mwaka 1999 kilikuwa na kanda tano za video za kupatikana. Moja kwa kufikisha alama fulani, ya pili kwa alama kubwa zaidi. Ghalani ilikuwa 5,000 kisha 15,000. Ya tatu kwa kuokota herufi tano za neno SKATE zinazoelea hewani, ya nne kwa kuharibu au kugusa vitu vitano, na ya tano ni kanda yenyewe iliyofichwa mahali fulani. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni orodha ya kazi kama ya mke anayekutuma sokoni. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kuangalia herufi zimewekwa wapi.

Herufi zile ni mwalimu asiye na fimbo. Hazikutupwa ovyo. Moja iko mahali ambapo hutafika bila kuruka pengo. Nyingine iko juu ya reli, kwa hiyo utake usitake utaisaga reli ile, maana ubao hupita juu ya chuma kwa kusaga vyuma vyake vya chini. Ukimaliza kuziokota zote tano katika mzunguko mmoja umeshapita njia ambayo mbunifu alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo, na bado unaamini umeigundua wewe. Kanda iliyofichwa inafundisha jambo jingine, kutazama juu. Iko mahali unapopaona lakini hupafikii, na usiku ukiwa umelala unaanza kuipigia hesabu: nikitoka kwenye ukingo ule, nikapata kasi ya mteremko, nikaruka sekunde moja kabla... Hata kazi ya kuharibu vitu ina kejeli yake. Kule Mall unavunja vibao vya kuelekeza wateja. Downtown, kiwanja cha Minneapolis, unavunja mabango yanayokataza skeitibodi.

Katika viwanja vitatu, Chicago, Burnside na Roswell, sheria inageuka. Hakuna kanda. Kuna majaji, mizunguko mitatu ya dakika moja moja, na medali. Ghafla mtu aliyezoea kuchokonoa pembe anatakiwa kuwa na mpango. Nilimjua bingwa mmoja wa kibandani, hodari wa kanda zote, ambaye Burnside ilimtoa jasho wiki nzima kwa sababu hakuwa na subira ya kurudia njia moja hadi ikanyooka.

Sasa kuhusu alama. Kila mbwembwe ina thamani yake. Ukiunganisha kadhaa bila kukatiza, thamani zinajumlishwa, kisha jumla inazidishwa kwa idadi ya mbwembwe. Mbwembwe za 300, 500 na 200 zikifanywa moja moja zinakupa 1,000. Zikiunganishwa zinakupa 3,000. Ukianguka kabla ya kutua unapata sifuri. Mfululizo huo wachezaji huuita kombo, neno ambalo kwa Kiswahili lilikuwa na kazi tayari, la kitu kilichopinda, na hakuna kombo ya maana ambayo haijawahi kwenda kombo.

Mwenye kucheza bao ataelewa hili haraka kuliko mtu wa kompyuta. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichota na safari inaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Ubingwa wa bao ni kuliona shimo la mwisho kabla mkono haujaanza kusambaza. Hapa pia swali ni lilelile: nitatua wapi, na pale nitakapotua kuna nini? Tofauti ni kwamba mzee wa bao anaweza kushika kidevu na kufikiri hadi wenzake wamzomee. Mwenye ubao amepewa nusu sekunde.

Mwaka 2000 ikaja gemu ya pili, na ndani yake kitu kidogo kilichobadilisha maana ya ardhi. Kinaitwa manuali: kutembea kwa magurudumu mawili tu, ncha moja ya ubao ikiwa juu, huku ukisawazisha mizani. Katika gemu ya kwanza sakafu tupu ilikuwa shimo tupu la bao. Ukiigusa umelala. Rampu na reli zilikuwa visiwa, na kati yao bahari. Manuali ilijenga madaraja. Ungeweza kusaga reli, kutua, kutambaa kwa magurudumu mawili hadi reli ya pili, na kombo ikaendelea. Wabunifu walilijua hilo walipokuwa wakichora, na ndiyo maana viwanja vya 2000 vinasomeka tofauti. Chukua School II, shule ya kusini mwa California. Meza, kingo, ngazi na vyuma vya kushikia vimepangwa ili macho yasiwahi kukosa pa kwenda. Kengele tano za shule zimetundikwa ukutani na kazi yako ni kuzigonga kwa kupanda ukuta na ubao. Mpango wake ni wa shule ya kweli kabisa, madarasa, uwanja, ua wa chakula, ila kila kitu kimesogezwa kidogo mpaka kikakubali kuunganishwa na jirani yake.

Mwaka 2001 wakaongeza reveti, namna ya kugeuza ubao unaposhuka kwenye rampu ili uingie kwenye manuali bila kukata kombo. Hapo kila kitu kikaungana na kila kitu. Wapo wanaoona huo ndio ukamilifu, na sigombani nao, viwanja vya gemu ya tatu vina uhai mwingi: uwanja wa ndege wenye wachomoaji wa mifukoni wa kusimamishwa, mji wa Kanada wenye jamaa aitwaye Chuck ambaye ulimi wake umegandia kwenye nguzo kwa baridi na anangoja mwokozi. Lakini daraja likiwa kila mahali, bahari haina maana tena. Alama zikapanda hadi mamilioni, na mkono hodari uliweza kuendeleza kombo popote, hata kwenye sakafu isiyo na kitu. Ule umbali uliopimwa kwa inchi ukapoteza heshima yake. Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua, nachagua ya pili, pale ardhi ilipokuwa imeunganika nusu tu na nusu nyingine ulitakiwa kuiunganisha wewe.

Kuna ufundi mwingine ambao husahaulika, wa majina. Kila mruko wa maana katika viwanja vile umepewa jina, na ukiuruka jina linatokea kwenye kioo. Ghalani kuna Taxi Gap, Channel Gap, Big Rail. San Francisco kuna Hubba Gap. Gemu ya pili ilileta hata orodha ya majina yote ili uone yaliyobaki. Jina hufanya kazi ambayo ramani haiwezi. Anayepanda daladala anaelewa, kwa sababu vituo vyetu vingi havikupewa jina na halmashauri. Vilipewa na mbuyu uliokatwa zamani, au na duka la mtu aliyekwisha kuhama, na hakuna anayepotea. Mruko ukishapata jina, unaweza kumwambia mwenzako ng'ambo ya kibanda umekosea wapi.

Majina mengine yalitoka mitaani kweli. School II kuna Leap of Faith na kuna ngazi kumi na moja za Carlsbad, na wenye ubao wa California walizijua kabla ya gemu kuzaliwa. Hapa ndipo wabunifu walipofanya kazi ninayoiheshimu kuliko zote, ya kubana mji mzima bila kuua sura yake. Streets, kiwanja cha San Francisco, kimeweka karibu karibu vitu ambavyo katika mji halisi ungetembea muda mrefu kuviunganisha: uwanja wa Embarcadero, mtaa wa Wachina, njia iliyojikunja kama nyoka. Mchoraji wa katuni hufanya hivyohivyo. Huchukua pua na masikio, mengine huyaacha, na unamtambua mtu haraka kuliko kwenye pasipoti yake.

Burnside ina hadithi ndefu zaidi. Ni mahali halisi chini ya daraja la Burnside, Portland, ambapo kuanzia 1990 vijana walianza kumwaga saruji wao wenyewe bila kibali cha mtu, ukingo mmoja, kisha mwingine, mpaka mji ukaja kuukubali. Hakuna mhandisi aliyechora. Kila mkunjo uko pale kwa sababu aliyeujenga alitaka kuupita jioni ileile. (Vijana wa Kitintale, Kampala, walijijengea uwanja wao kwa mikono yao mwaka 2006, na ukitazama picha zake unaona mkunjo wa namna hiyohiyo, ule ambao umepimwa kwa goti.) Kuiga mahali kama hapo ndani ya kompyuta ni mtihani, kwa sababu kazi yote ya kubuni imeshafanywa na watu wenye njaa ya kuteleza. Neversoft walikuwa na adabu ya kuiacha ilivyo, au karibu na hapo.

Philadelphia ya gemu ya pili imebeba huzuni ambayo waliochora hawakuijua. Ina uwanja wenye chemchemi unaofuata ule wa mjini uitwao LOVE Park, na mojawapo ya kazi zako ni kuikausha chemchemi ili uteleze ndani yake. Mji wa kweli ulipiga marufuku skeitibodi pale. Oktoba 2002 Edmund Bacon, mpangamiji aliyehusika na uwanja ule tangu mwanzo, alipanda ubao akiwa na miaka 92, huku ameshikiliwa, kupinga marufuku hiyo. Haikusaidia. Kuanzia 2016 uwanja ulivunjwa na kujengwa upya. Ngazi na kingo zile zilizopendwa, mtu akitaka kuzipita leo, inambidi awashe PlayStation.

Sijasema lolote kuhusu kucheza wawili, na huko ndiko nilikoelewa modi ni nini hasa. Ghala ni lilelile, lakini sheria ikibadilika linakuwa ghala jingine. Katika Trick Attack mnashindana alama kwa muda uliowekwa, na ardhi inakuwa njia: kila mmoja ana mzunguko wake anaouamini kama hirizi. Katika Graffiti, kila kitu unachofanyia mbwembwe kinageuka rangi yako, na mwenzako anaweza kukunyang'anya akikifanyia kombo kubwa kuliko yako. Hapo ardhi inakuwa shamba lenye mipaka na kesi. Ile reli ndefu ya juu ambayo katika Trick Attack ni chakula, katika Graffiti ni benki: unaweka kombo yako kubwa pale kwa sababu hakuna atakayeweza kuivunja, kisha unakwenda kuokota vijikingo ambavyo mwenzako amevidharau. Nilipoteza sana kabla sijajua kwamba kingo tano ndogo zinashinda reli moja tukufu.

HORSE ni kinyume cha yote. Mmoja anafanya mbwembwe, mwingine inambidi aifikie au aizidi, akishindwa anapata herufi, na neno likikamilika ametoka. Ghala zima linasinyaa kuwa hatua kumi za sakafu. Hakuna njia wala mipaka, kuna pumzi moja tu na macho ya watu nyuma yako. Padi ilibadilisha mikono, na kitufe kile kilicholegea kililaumiwa na kila aliyeshindwa, akiwemo huyu anayeandika. Halafu kuna Free Skate, ambamo saa imezimwa. Mtu angetegemea hiyo ndiyo ipendwe kuliko zote. Nilikuwa naingia, nazurura dakika kumi, na kutoka nikiwa na hisia ya mtu aliyekaa kwenye ukumbi wa harusi baada ya viti kukunjwa.

Kilichonifundisha adabu ni chombo cha kujenga viwanja, kilichokuja na gemu ya pili. Unapewa vipande, rampu, reli, mabwawa, na sakafu yenye miraba. Nilijenga usiku kucha. Niliweka kila nilichokipenda: reli ndefu kuliko zote, rampu juu ya rampu, hafupaipu mbili zinazotazamana. Asubuhi niliwaalika wenzangu. Walizunguka, wakagonga kuta, wakatua mahali ambapo hapakuwa na kitu, na baada ya mizunguko mitatu mmoja akasema kwa upole, kaka, turudi ghalani. Vipande vyangu vilikuwa vilevile. Nilichokuwa sina ni nafasi kati yao. Nilisogeza reli moja siku nzima, mraba mmoja huku, mraba mmoja kule, na jioni, kwa mara ya kwanza, niliruka kutoka kwenye rampu nikatua juu yake bila kukusudia. Nimeandika vitu vingi maishani na kulipwa kwavyo, lakini vichache vimenipa furaha ya mraba ule.

Gemu ya nne, mwaka 2002, iliondoa dakika mbili kwenye modi kuu. Ulizurura utakavyo, ukamfuata mtu aliyesimama kiwanjani, akakupa kazi, na hapo tu ndipo saa ilipoanza. Viwanja vikawa vikubwa: chuo, gereza la Alcatraz, London, bustani ya wanyama. Ilikuwa kazi ya watu hodari na waliichoka kwa haki ile saa yao ya zamani. Lakini sehemu kubwa ya Alcatraz sikuweza kuikumbuka wiki moja baadaye, na ghala la 1999 bado naliota. Gemu hiyo ya nne ilipotengenezwa upya mwaka 2025 pamoja na ya tatu, studio ya Iron Galaxy ilirudisha dakika mbili hata kwa viwanja vya ya nne, na watu wengi walikasirika, wakisema kimeharibiwa kitu walichokulia. Nawaelewa. Viwanja vile vilichorwa kwa ajili ya mtu asiye na haraka, na kumtia mgeni wa namna hiyo saa mkononi ni kumwonea. Dakika mbili si kiungo cha kunyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kuiva.

Waliotengeneza upya gemu mbili za kwanza mwaka 2020, Vicarious Visions, walikuwa na kazi nyepesi zaidi kwa namna moja na nzito kwa nyingine. Vipimo vya zamani visingeguswa, kwa kuwa vidole vya watu wazima wa dunia nzima vilikuwa vinavikumbuka. Walichukua hata sehemu ya programu ya zamani ya Neversoft, kampuni ambayo ilikuwa imeshafungwa tangu 2014, ili ubao uitikie kama ulivyoitika. Walichobadilisha ni ngozi. Mall ya New York, iliyokuwa ikimeremeta mwaka 1999, sasa imetelekezwa, maduka yamefungwa, majani yanaota ndani. Njia ni ileile, mruko ni uleule. Bado nasema ni kiwanja dhaifu, ingawa sasa kina majonzi yanayokifaa.

Nami nilinunua. Nikamkuta kijana juu ya mteremko, ubao chini ya miguu, mwanga wa jua ukipenya vumbi la ghala kwa namna ambayo megabaiti 2 zisingeweza. Sikutazama vitufe. Nilishuka, nikaruka, nikasaga, manuali, reli, manuali, ukingo. Kuna sheria moja katika gemu hii ambayo sikuitaja: saa ikifika 0:00 ukiwa katikati ya kombo, mzunguko haukatwi. Unasubiriwa. Alama zinaendelea kupanda mpaka utue au uanguke. Sebuleni kwangu usiku ule saa ilikuwa imeshaisha kitambo, mizani ya manuali ikiyumba kushoto na kulia, mwanangu amesimama mlangoni akiuliza mbona haiishi, na mimi nikiitafuta kwa macho ile reli ya juu.